Kwenye nyumba yako nini kilianza kufa, na mwaka wa ngapi?

#1 Mwana wa Kibada

Wakuu, salaam.

Nilihamia kwangu Kibada, Kigamboni, mwezi wa nane 2011. Usiku ule nikamwambia mke wangu, "Haya, ujenzi tumemaliza." Akacheka. Sikuelewa alichekea nini.

Kitasa cha choo cha wageni hakikuiona Krismasi. 2013 koki ya jikoni ikaanza kulia kama kifaranga. 2015 rangi ya nje, upande unaotazama bahari, ikabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua. 2018 boya la tangi, 2020 tangi lenyewe likapasuka ubavuni. 2021 milango ya vyumbani, ile ya flashi, ikavimba chini kwa maji ya kudekia. Na masika hii jipsamu ya sebuleni imetoa doa la rangi ya chai, ukubwa wa sinia la pilau, na kila mvua linaongezeka.

Hoja yangu ni hii. Watu wanauliza nyumba inadumu miaka mingapi kana kwamba nyumba ni kitu kimoja. Msingi wangu hauna ufa. Kuta zimesimama. Lakini chochote kinachoguswa na maji au mikono kinakufa kama kuku wa mdondo. Bati nilinunua geji 30 ya rangi, muuzaji akaniapia miaka 25. Ndiyo kwanza ya 13.

Kwako nini kilitangulia, na mwaka wa ngapi? Tupeane namba, anayejenga sasa ajiandae.

#2 Ngoja Waje

Ngoja waje wenye nyumba. Sisi wapangaji tunachojua hakifi ni kodi.

#3 Fundi Kenchi

Mkuu #1, hilo doa usilinunulie jipsamu mpya. Panda juu kwanza.

Nina miaka 22 juu ya mapaa, Mbezi hadi Tanga. Bati lako halijaoza. Kilichokufa ni mpira wa msumari. Chini ya kofia ya kila msumari wa bati kuna kimpira. Jua linakikausha, kinapasuka, maji yanaingia kwenye tundu, yanafuata papi, zile mbao zinazobeba bati, taratibu mpaka yanapokutana na kikwazo, ndipo yanadondoka. Ndiyo maana doa linaweza kuwa sebuleni na tundu likawa juu ya chumba cha watoto. Wengi wanabomoa dari mahali pasipo na kosa.

Kwa Pwani mpira huo naupa miaka 8 mpaka 12. Yaani paa la mamilioni linauawa na kitu ambacho hukukumbuka hata kuuliza bei yake.

#4 Mama Sinki

Asante kwa uzi. Kwangu Goba kilianza kufa kitasa pia, mwaka wa kwanza! Vitasa vya siku hizi sijui vinatengenezwa na unga. Kuhusu bati, kaka yangu #1 alikosea kuchukua 30, angechukua 32. Namba ikiwa kubwa ndiyo bati nene.

#5 Kipimo

#4 Mama Sinki, dada, hapo umepishana na dunia. Geji ni kinyume: namba ikipanda, bati linakonda. Geji 28 hucheza kwenye milimita 0.36 hivi, 30 kwenye 0.3, na 32 kwenye 0.23. Ukikanyaga 32 katikati ya papi na papi inakuandikia alama ya soli.

Tena acheni kununua kwa geji. Kila kiwanda kina tafsiri yake ya neno hilo. Muulizeni muuzaji milimita ngapi bila rangi, halafu tazameni macho yake.

#6 Mama Sinki

Mungu wangu. Nyumba ya mama kijijini nimeezeka 32 kwa kujivuna kabisa.

#7 Ngoja Waje

Mama akiuliza mwambie ni toleo jepesi.

#8 Bi Chokaa

Nyie wa bara mnanichekesha, mnahesabu miaka kumi na tatu mkaita umri. Mie nimekulia Malindi, Mji Mkongwe. Nyumba hiyo babu yake baba aliikuta imesimama. Ukuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake mtoto analala ndani ya dirisha. Juu ni boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba vya kwetu ni virefu vyembamba: boriti haifiki mbali, hivyo upana wa chumba uliamuliwa msituni.

Sasa nini kilianza kufa? Si ukuta. Ni ncha za boriti, pale zinapoingia ukutani. Katikati boriti ni nzima, ukiigonga inalia, lakini kichwa chake ndani ya ukuta kimekuwa ugoro. Maji yalishuka ukutani kimyakimya.

Na aliyeyafungia maji humo ni saruji. Zamani ukuta ulipakwa chokaa, unapumua, ukirowa leo kesho umekauka. Kaja fundi wa kisasa kapiga lipu ya saruji ili "uimarike". Unyevu ukakosa pa kutokea. Miaka kumi tu ya saruji ikaharibu kilichodumu zaidi ya mia.

#9 Mpiga Ramli

Bi Chokaa umegusa pazuri. Hata Beit al-Ajaib, lile jumba la Sultani Zanzibar, iliyojengwa 1870 ndiyo hiyohiyo ikaporomoka.

#10 Bi Chokaa

1883, mwanangu, wakati wa Sultan Barghash. Na haikuporomoka yote. Ilianguka sehemu, tarehe 25 Desemba 2020, ikiwa katika matengenezo. Ile siyo mfano mzuri wa nyumba zetu za kawaida, ina nguzo za chuma na vyumba vipana kuliko desturi. Usiichanganye na ya babu yangu.

#11 Mpiga Ramli

Nimepokea bibi. Shikamoo.

#12 Bi Chokaa

Marahaba. Ila mie si bibi, nina miaka 41.

#13 Ngoja Waje

😂😂 Mpiga Ramli rudi ukapige upya.

#14 Mgogo wa Tembe

Kwetu Dodoma babu zetu walikuwa na jibu la swali hili kabla halijaulizwa. Tembe lina paa la udongo, bapa, juu ya miti. Kila kabla ya mvua mnapanda kukandika upya. Hakuna aliyesema "limeoza" maana hakuna aliyeliacha mwaka mzima bila kuligusa. Siku hizi tunaezeka bati, tunashuka, hatupandi tena mpaka lidondoshe maji kwenye TV.

Kuta nazo zina mambo yake huku. Ukijenga kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, kiangazi unanywea, masika unavimba. Jirani yangu nyumba ina miaka mitatu, ufa kona ya dirisha unapitisha penseli. Kwa hiyo mkuu #1 usijisifie msingi, sifia mchanga wa Kigamboni.

#15 Kaka wa Mtwapa

Habari kutoka pwani ya Kenya. Sisi chumvi ndiyo mwenye nyumba, wengine wote ni wapangaji.

Nimejenga mita kama 600 kutoka ufuoni. Mabati yalianza kutu mwaka wa sita, lakini sikilizeni wapi: si juu. Juu kunaoshwa na mvua. Yalianza kwa chini, pale mabati yanapotokeza nje ya ukuta, mahali mvua haifiki. Chumvi inakaa pale mwaka mzima hakuna wa kuiosha. Siku hizi kila mwezi nachukua paipu naosha chini ya ukingo wa paa. Majirani wanadhani nimerukwa na akili.

Grili za dirisha miaka minne tu bila kupaka rangi tena, zinamenyeka kama kitunguu. Bawaba za chuma ndiyo usiseme.

#16 Fundi Kenchi

#15 anasema kweli tupu. Nimebadilisha bati nyingi Kunduchi na hali ndiyo hiyo, ncha za chini zimekuwa wavu na katikati bado inang'aa.

#17 Mufindi Mbao

Wakuu wote mnaongelea bati na misumari. Swali: bati limepigiliwa kwenye nini?

Naleta mbao mjini toka Mufindi. Paini iliyokomaa na kunyweshwa dawa sawasawa itakuzika. Lakini mti unavunwa mchanga kwa sababu mwenye shamba ana ada ya shule, mbao inatoka nyepesi, na "dawa" yenyewe wengine wanachovya tu, inabaki rangi ya kijani nje kama ganda la ndizi. Kata kipande uone katikati: kama ni nyeupe, mchwa wanasubiri upige picha ya kuhamia. Na hata iliyo nzuri, fundi akiikata pale kwenye saiti, ile ncha mpya haina dawa. Inatakiwa ipakwe. Nani anapaka?

Mzee wangu kijijini alipaua kwa mkaratusi bila dawa, mwaka wa nane bungua walikuwa wanatumwagia unga kwenye chai.

#18 Kipimo

#17 kuna upande wa pili wa dawa hiyo ambao wauza mbao hawausemi. Dawa ile ya kijani ina shaba ndani yake. Mbao ikiwa bado mbichi imelowa dawa, ukalaza bati juu, shaba inakula zinki ya bati kutokea chini. Utaona mistari ya kutu imefuata papi kama imepigwa rula. Watu wanalaumu bati feki, kumbe ni haraka ya kupaua. Mbao inatakiwa ikauke kwanza.

#1 ukipanda angalia: kutu ikifuata mstari wa papi, ni mbao. Ikizunguka msumari, ni mpira.

#19 Fundi Kenchi

Hiyo ya mbao kula bati nimeiona mara mbili tatu katika miaka yote hiyo. Ya mpira naiona kila wiki. Tusimtishe mwenzetu.

#20 Kipimo

Unaiona mara chache kwa sababu hujui ulichokuwa unakitazama, mkuu wangu. Mlikuwa mnaita "kutu" mnaondoka.

#21 Fundi Kenchi

Kijana, wewe umepanda mapaa mangapi?

#22 Ngoja Waje

Naweka kambi hapa. Nani ana karanga?

#23 Baridi Kali

Nawasalimu toka Minnesota, Marekani. Huku chama cha wajenzi wa nyumba, NAHB, kilitoa jedwali 2007 la umri wa kila kitu kwenye nyumba. Paa la vipande vya lami, ambalo ndilo la watu wengi huku, miaka 20. La vigae vya udongo au zege, zaidi ya 50. Bomba za shaba zinakupita wewe. Koki ya jikoni miaka 15. Mimi nyumba yangu ya 1998 nimebadilisha paa 2019, karibu sawa na jedwali.

#24 Mwana wa Kibada

Koki miaka 15?? Yangu ilimaliza miwili.

#25 Mama Sinki

Koki za jedwali hilo hazijanywa maji ya kisima cha Kigamboni. Mimi nina duka dogo la vifaa, nawaambia siri: koki inauawa na maji kuliko umri. Maji ya chumvi yanaganda ndani kama ukoko, ukikaza zaidi ndio unamaliza mpira wa ndani. Ukiona inalia kama kifaranga, ni mpira tu umekufa, hauuzwi hata bei ya soda. Lakini mteja anataka koki nzima. Sasa nimkatalie?

Mabomba vilevile. Zile za chuma za zamani zilikuwa zinaziba kutu ndani, tundu la inchi linabaki la kupitisha kalamu. PPR, zile za plastiki za kuchomelea, haina kutu, inayokufa ni maungio pale fundi alipochomelea haraka au akaunguza mpaka tundu likafunga.

Na #1, bomba lako la PPR halipiti juu ya dari ya sebule? Maana doa si lazima liwe paa.

#26 Fundi Kenchi

Anasema linaongezeka kila mvua, dada.

#27 Mama Sinki

Kila mvua tangi linajaa pia, kaka. Kama anavuna maji ya gata, presha inapanda.

#28 Mwana wa Kibada

Kwa kweli navuna maji ya gata. Na kuna bomba linapita juu ya korido kwenda chooni. Sasa mmeniongezea homa.

#29 Pagale Miaka Tisa

Wote mnahesabu vibaya. Mkuu anasema nyumba ina miaka 13 kwa sababu alihamia 2011. Msingi ulichimbwa lini?

Wabongo hatujengi nyumba, tunajenga mishahara. Mimi msingi 2007, kuta 2009, lenta 2010, halafu nikalala. Nimepaua 2016. Miaka sita tofali zinanyeshewa kutokea juu, majani yanaota kwenye kozi ya mwisho, ule mstari wa juu wa tofali, nondo za nguzo zimechomoza zinasubiri ghorofa ambayo hadi leo haipo. Kutu ya nondo haibaki nje, inashuka na chuma mpaka ndani ya zege, inavimba, inapasua. Nilipohamia, nyumba "mpya" ilikuwa na umri wa mtoto wa darasa la tatu. Nguzo ya barazani ilipasuka mwaka wa pili na fundi akaniambia "zege la kichina". Zege lilikuwa zima. Mimi ndiye niliyekausha nondo juani kama dagaa.

Na tofali zenyewe! Nilifyatuliwa 55 kwa mfuko mmoja wa saruji nikafurahi nimebana matumizi. Za inchi 6 ilitakiwa zisizidi 35 hivi. Zingine ukizikwaruza kwa ufunguo zinamwagika mchanga. Hazikumwagiwa maji hata siku tatu.

#30 Mwana wa Kibada

Msingi wangu ni wa 2004. Sikuwahi kufikiria hivyo.

#31 Mpiga Ramli

Basi hongera, nyumba yako imefikisha miaka 20. Inaruhusiwa kuolewa.

#32 Bi Chokaa

Na mchanga wenu mliupata wapi? Kama ni wa ufukweni, hata usubiri nini, chumvi umeshaijenga ndani. Ukuta utatoa unga mweupe kwa chini kila mwaka, unapaka rangi, unabanduka, unapaka. Mtu anamlaumu muuza rangi.

#33 Mwana wa Kibada

Ulitoka bondeni, wa mtoni, nilisimamia mwenyewe. Ila unga mweupe upo, upande wa chooni, kama nusu mita toka chini.

#34 Kipimo

Hiyo ni maji yanapanda toka ardhini. Kabla ya kuanza kozi ya kwanza juu ya jamvi la zege ulitandika nailoni?

#35 Mwana wa Kibada

Fundi alisema ni kupoteza hela.

#36 Ngoja Waje

Fundi huyo yuko hai? Tuanzishe uzi wake.

#37 Mpangaji Sugu

Mimi nimepanga nyumba nne Sinza na Tabata, naongea kama mtumiaji. Kinachoua vitu siyo chumvi wala geji, ni idadi ya watu. Nyumba ya wazee wawili kitasa kinakaa miaka kumi. Kwetu tuko familia tatu, uani kuna watoto tisa, kitasa cha bafu kinafunguliwa labda mara mia kwa siku. Panga boi la sebuleni halizimwi toka Oktoba mpaka Machi, beringi inalia kama trekta. Soketi ya friji imekuwa nyeusi. Sasa jedwali la Minnesota linajua kwetu tunaoga wangapi?

Shimo la choo nalo. Mwenye nyumba alilichimba kwa ajili ya familia moja, kisha akaongeza vyumba vya uani vinne. Gari la kunyonya linakuja kila baada ya miezi mitano. Anasema shimo "limezeeka". Shimo halijazeeka, limezidiwa.

#38 Baridi Kali

#37 hoja nzuri. Jedwali linasema lenyewe kwamba matunzo na matumizi hubadilisha kila kitu. Huku pia baridi na theluji vina mambo yake, mtambo wa kupasha nyumba joto ukifa Januari unalala na koti.

#39 Mama Sinki

Soketi nyeusi usiilaze hivyo, kaka Mpangaji. Mwambie mwenye nyumba leo. Skrubu zimelegea au waya mwembamba, inapata moto. Waya wa soketi unatakiwa milimita za mraba 2.5, wengine wanavuta 1.5 ya taa mpaka kwenye friji. Waya mzuri wa shaba ukutani unakaa miaka mingi mno, ila swichi na soketi ni vitu vya mikono, vina umri wake. Na hapo kuna feki nyingi, chuma kimepakwa rangi ya shaba. Peleka sumaku: shaba haishiki.

#40 Mpangaji Sugu

Nimemwambia toka mwezi wa pili. Amejibu "nitamtuma fundi". Nadhani kwenye nyumba yoyote kinachodumu kuliko vyote ni neno hilo.

#41 Mtu wa Kilwa

Nimesoma kimya, niongeze moja. Nimezaliwa Kilwa Masoko, ng'ambo ya Kisiwani tulikuwa tunavuka kucheza. Husuni Kubwa, lile jumba la kale la sultani, ni ya karne ya 14. Kuta zipo, unapita kwenye milango yake mpaka leo. Paa hakuna. Milango ya mbao hakuna. Nendeni magofu ya Kaole, Bagamoyo, hivyohivyo, kuta bila vichwa.

Kwa hiyo #1 ulipoanza kusema kuta zimesimama na vingine vinakufa, hujaona kitu kipya. Ila naongeza swali langu: kuta zile zilibaki baada ya paa kuondoka, au zilibaki kwa sababu watu wa baadaye hawakuzihitaji? Maana mbao na boriti watu hubeba wakajengee kwingine. Ukuta wa matumbawe utaubeba vipi?

#42 Bi Chokaa

Swali tamu hilo. Kwetu milango ya nakshi imebebwa mno, mingine imevuka bahari. Haikuoza, iliuzwa.

#43 Pagale Miaka Tisa

Kwangu wezi walibeba bomba la tangi na waya kabla sijahamia. Hiyo nayo iingie kwenye jedwali: "umri wa waya kwenye pagale, wiki mbili."

#44 Kaka wa Mtwapa

Na makuti hamjataja? Banda langu la wageni ni makuti, nabadilisha kila mwaka wa nne au wa tano. Rafiki aliinamisha paa kidogo ili lionekane la kisasa, maji hayateremki, mwaka wa pili limeota uyoga. Wazee walilisimamisha kwa mkao ule kwa sababu. Halafu kuna mwembe jirani, majani yanajaa upande mmoja, upande huo ndio unaooza kwanza.

#45 Mufindi Mbao

Majani kwenye bati pia ni sumu. Vale, pale paa mbili zinapokutana, majani yanakaa yana unyevu miezi mitatu, bati linatoboka pale wakati kwingine ni jipya. #1 una mti karibu?

#46 Mwana wa Kibada

Mwarobaini. Na vale iko juu ya sebule 🤦 Jumamosi napanda na fundi, nitaleta mrejesho.

#47 Fundi Kenchi

Mpira wa msumari. Naweka soda mezani.

#48 Kipimo

Papi. Soda mbili.

#49 Mama Sinki

Bomba. Mimi naweka koki mpya.

#50 Ngoja Waje

Mimi naweka kodi ya mwezi ujao, sina uhakika nitakuwa nayo.

#51 Mwana wa Kibada

Mrejesho wakuu. Tumepanda jana saa mbili asubuhi kabla bati halijawa kikaango.

Misumari: tumehesabu 43 yenye mpira uliopasuka, mingi upande wa magharibi. Fundi Kenchi upewe soda. Lakini tulipofunua mabati mawili, chini yake kuna mistari miwili ya kutu imenyooka kabisa juu ya papi. Kipimo, yako hiyo. Vale ilikuwa na majani ya mwarobaini yaliyoshakuwa mbolea, chini yake kitundu cha kupitisha njiti ya kiberiti. Na juu ya bati zima, vidoadoa vya kutu kama mtu karusha pilipili manga. Fundi niliyepanda naye anasema ni cheche za grainda: 2010 waliokata bati walikata hukohuko juu badala ya kutumia mkasi, zile cheche zikaganda kwenye rangi.

Bomba la korido: ungio lina unyevu, ila siyo wa kudondoka. Mama Sinki sijui nikupe nusu koki.

Tumebadilisha misumari yote 43, tumeziba vale, tumefagia. Usiku wa kuamkia leo imenyesha. Doa la sebuleni halijakua. Limeanza jingine, koridoni.

#52 Mama Sinki

Koridoni ndiko bomba linakopita.

#53 Fundi Kenchi

Mlipokuwa mnapanda mmekanyaga wapi? Kama mlikanyaga katikati ya papi na papi, misumari ya korido imelegea jana hiyohiyo.

#54 Kipimo

Mbao, wakuu. Subirini.

#55 Mufindi Mbao

Usiilaumu mbao yangu.

#56 Bi Chokaa

Mngejenga kwa chokaa.

#57 Ngoja Waje

Tukiacha hayo yote. Mkuu #1, kile kitasa cha choo cha wageni cha 2011 uliweka cha aina gani? Mwenye nyumba wangu naye anatafuta.

#58 Mwana wa Kibada

Sikuweka. Tunaegeshea ndoo.